Nina ekari mbili Muheza na ninataka kufuga ng'ombe wa maziwa: nianzie wapi?

Mgeni wa Zizi:
Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mzee amenikabidhi ekari mbili hapa Muheza, nami nimeamua kuingia katika ufugaji, ingawa tangu utoto sijawahi kukamua hata mbuzi. Jambo la kwanza linalonitatiza ni hili: Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini hapa kijijini anayechelewa kuamka hapati maziwa ya kununua. La pili ni ushauri unaopingana, kwa kuwa jirani mmoja ananihimiza ninunue mtamba chotara, mwingine anasifu ng'ombe wa asili, na wa tatu ananiambia nianze na mbuzi. Naomba mnifundishe kama mtu asiyejua lolote.

Mgani Mstaafu:
Marahaba, kijana wangu. Swali lako la kwanza ndilo linalojibu la pili. Sehemu kubwa ya ng'ombe hao ni zebu, ng'ombe wetu wenye nundu, ambao wafugaji huwaweka kwa ajili ya nyama, kulima kwa maksai, mahari na akiba ya siku ya shida. Zebu anavumilia jua, ukame na safari ndefu ya kutafuta malisho, lakini ukishamwachia ndama wake sehemu yake, mara nyingi hubaki na lita moja au mbili kwa siku. Chotara, yaani mzao wa ng'ombe wa asili na wa kigeni kama Friesian, Ayrshire au Jersey, anaweza kukupa lita nane au kumi, ila anazitoa kwa masharti.

Sharti la kwanza ni chakula, na hapo ndipo wageni wengi wanapoanguka, kwa sababu hununua ng'ombe kwanza na kutafuta majani baadaye. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takribani kilo 40 za majani mabichi kila siku, masika na kiangazi. Kwa hiyo panda majani ya tembo au Guatemala sasa, uyatie samadi, upande na miti ya malisho ya lukina mpakani, na ng'ombe aje akute shamba limeshasimama. Maji yasipungue kamwe, maana ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 na zaidi, na ukimpimia kwa ndoo mbili atakupimia maziwa vivyo hivyo. Pumba na mashudu ni nyongeza tu, hayawezi kuchukua nafasi ya majani.

Mtamba ni jike ambaye bado hajazaa. Ukimpata mwenye mimba iliyothibitishwa na mtaalamu, utakuwa umepunguza miezi ya kusubiri. Baadaye usihangaike kufuga dume, kwani mbegu za uhimilishaji, yaani kupandisha kwa chupa bila dume, huzalishwa katika kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Kazi yako itakuwa kuutambua mzunguko wake wa joto wa siku 21: ukimwona asubuhi anapandwa na wenzake akatulia, au anatoa ute mwangavu usio na rangi unaovutika, mwite mhimilishaji aje jioni ile ile.

Mama Ndama:
Mwanangu, ndugu yetu hapo juu amesema kweli tupu, lakini mimi nakuomba umwogope kupe kuliko njaa. Mtamba wangu wa kwanza alikuwa amenona, ngozi inang'aa, nikamnunua bila kuuliza habari ya chanjo. Wiki mbili baadaye aliacha kula. Nilipopapasa chini ya sikio nikakuta tezi imevimba kama yai la kuku, nami nikadhani ni kamba iliyomkwaruza, nikangoja. Siku ya nne alikuwa anahema kwa tabu huku povu jeupe likimtoka puani, na daktari wa mifugo alipofika dawa haikufaa kitu tena. Ndiyo ndigana kali hiyo, inayoenezwa na kupe wa masikio, na hapa kwetu pwani haina msimu wa kupumzika.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri kabla ya kukamua natia vidole ndani ya masikio ya kila mnyama, kisha napapasa tezi. Naogesha kwa ratiba, na ndama wote wanachanjwa.

Mfuga Mbuzi:
Naheshimu maoni ya wote, ila mwenye mtaji mdogo asidharau mbuzi wa maziwa. Hubeba mimba miezi mitano tu, hula kidogo, na banda lake la kuinuliwa hujengwa kwa miti ya shambani.

Mgeni wa Zizi:
Nawashukuru sana. Nimeamua ekari moja iwe ya majani mvua hizi zikianza, na mtamba angoje. Mama, chanjo hiyo hutolewa lini?

Mama Ndama:
Kuanzia umri wa mwezi mmoja, mwanangu, na ikishika humlinda maisha yake yote. Inahifadhiwa katika mtungi wa naitrojeni na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyo hiyo, kwa hiyo huwa tunakusanya ndama wa mtaa mzima ndipo mtaalamu aje. Aliyechanjwa huvishwa hereni sikioni. Siku ya kununua, anza kutazama hereni kabla hujatazama kiwele, kisha umuulize muuzaji ilivalishwa lini na nani.