Naomba ushauri: nataka Darasa la Tano wajifunze huruma na shukrani kwa vitendo

MwalimuKihonda
Habari za jioni wadau. Nafundisha Darasa la Tano hapa Morogoro. Watoto wangu wanachekana vibaya: huyu kaja na kandambili, yule mama yake anauza mkaa. Nikikemea wanatulia kidogo, kisha yanarudi yale yale. Uji wa saa nne wanaupokea bila hata kumtazama mpishi usoni.

Muhula huu nataka darasa liwe na kazi ya kujitolea. Nawaza kuwapeleka makazi ya wazee Fungafunga tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kila mtoto na sabuni au sukari kidogo. Ila ziara za namna hii nimeziona nyingi: watoto wanashuka kwenye basi, wanakabidhi ndoo, wanapigwa picha, wanaondoka. Mliowahi kufanya, mlifanyaje ikawa na maana?

Mama Baraka
Mwalimu, naongea kama mzazi. Hiyo sukari iondoe kabisa. Mwenye kandambili atakuja mikono mitupu mbele ya wale wale wanaomcheka, au atasingizia homa abaki nyumbani.

Mstaafu wa Iringa
Hongera mwalimu kwa kuliona hilo. Nilianza kazi wakati Elimu ya Kujitegemea ingali na nguvu. Mwalimu Nyerere aliiandika 1967 akitaka mtoto wa shule asijitenge na wakulima waliomzaa. Kilichoiharibu katika shule nyingi ni adhabu: umechelewa, kachote maji, umepiga kelele, kalime. Mtoto akashika kwamba kazi ya mikono ni ya mkosaji. Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, futa adhabu za namna hiyo darasani kwako.

Kisha anzia jikoni. Mpishi huamka saa ngapi? Kuni zinatoka wapi? Aje darasani awasimulie mwenyewe. Halafu kila wiki kundi moja limsaidie kuchota maji na kuosha vikombe, mbali na moto. Atakayeosha vikombe vya shule nzima hatamwaga uji tena.

Dada wa Ustawi
Nipo ustawi wa jamii, mkoa mwingine. Mwalimu Mkuu aandike barua kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, nakala kwa mfawidhi wa makazi. Na nakuomba, usiende Oktoba mosi. Siku hiyo wageni hujaa, kisha wiki zinapita hakuna anayebisha hodi. Nenda siku ya kawaida na watoto kumi hivi kwa zamu, na kundi lirudi kwa wazee wale wale.

Sabuni wanazihitaji, sikatai, na shule inaweza kutoa kwa pamoja. Lakini kuna mzee aliyekuwa seremala, kuna bibi mkunga, kuna aliyekata mkonge ujana wake wote, na hakuna anayewauliza kitu. Mtoto aende na swali. Afundishwe bao, asuke ukili, asikie hadithi. Hapo ndipo atakuwa na la kushukuru, maana naye amepewa. Picha hapana, mpaka mzee mwenyewe aridhie.

Ticha wa Voi
Huku Kenya mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchi nzima 2019, unahimiza kujifunza kupitia huduma kwa jamii. Nimeona wanafunzi wakichagua shughuli wenyewe hawahitaji kusukumwa. Wakirudi, waandike kidogo: nimekutana na nani, amenifundisha nini. Wasiandike walichotoa.

MwalimuKihonda
Mama Baraka, sukari imeondoka. Mzee wangu wa Iringa, shikamoo, Jumatatu naongea na mpishi. Dada, swali moja: mtoto wa miaka 11 akikuta mzee amemsahau, au akaambiwa amefariki, nimwandae vipi?

Dada wa Ustawi
Waambie kabla ya safari ya kwanza, kwa maneno ya wazi. Mfawidhi atakueleza nani kumbukumbu zimepungua. Kwa huyo mtoto ajitambulishe upya kila mara bila kumsahihisha. Mzee akifariki usiwafiche. Wapeni nafasi ya kulia na kusimulia alichowafundisha, na wazazi wakikubali, wachache waende nawe mazikoni. Barua ipelekeni wiki hii, majibu huchukua muda.