Kompresa ya AC ikitaka kuwaka inveta inazima: naomba ushauri wa sola kwenye gari-nyumba

Mwenye_Safari
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina gari-nyumba, tunasafiri mimi, mke wangu na mama yangu mzazi. Mama ana presha na joto la usiku linamtesa. Anaamka saa nane, anakaa mlangoni akijipepea mpaka kunakucha. Jenereta nimeiacha kwa sababu moshi na kelele vinamnyima hata kale kausingizi kadogo anakopata. Ndiyo maana nataka AC itumie sola na betri.

Nilivyo navyo: AC ya juu ya paa ya BTU 13,500, paneli nne za wati 200, betri mbili za jeli za volti 12 (kila moja Ah 200, nimezifunga sambamba) na inveta (ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) ya wati 3,000. Feni peke yake haina shida. Kompresa ikitaka kuanza, taa za ndani zinafifia, inveta inalia, halafu inazima kila kitu. Juzi nilijaribu mara tatu mfululizo, ile ya mwisho nikashika waya wa betri nikakuta una joto la kunifanya niondoe mkono.

Aliyeniuzia vifaa anasema niongeze paneli mbili. Kabla sijatoa hela naomba mnisaidie: tatizo ni paneli kweli? Na usiku kucha inawezekana?

Jua_Kali
Ongeza paneli mkuu. AC inakula kama wati 1,400, wewe una 800. Hesabu iko wazi.

Fundi_Volti
Jua_Kali, hapo nakupinga kwa heshima. Kompresa haiwashwi na paneli, inawashwa na betri. Hata ungekuwa na paneli za kujaza paa zima, saa mbili usiku zingekuwa zimelala na AC ingezima vilevile.

Mwenye_Safari, dalili zako zote zinaelekea sehemu moja: kati ya betri na inveta. Tuseme AC ikishatulia inakula wati 1,350. Inveta nayo inapoteza kama sehemu ya kumi hivi au zaidi kidogo, kwa hiyo betri inatoa wati 1,500 na ushee. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 130. Hiyo ni ikiwa imeshatulia. Ile sekunde ya kuanza, kompresa inavuta mara kadhaa ya hapo, na waya mwembamba unakula volti kabla hazijafika kwenye inveta. Inveta nyingi za volti 12 zinajizima zikiona kitu kama volti 10.5, kwa kulinda betri. Kwa hiyo inveta yako haijafa, inafanya kazi yake.

Nipe vitu viwili: unene wa waya na urefu wake. Halafu pima volti kwenye nguzo za betri na kwenye skrubu za inveta wakati kompresa inajaribu kuanza. Upime pote pawili, sio upande mmoja.

Mama_Njiani
Pole sana kwa mama, kaka. Mimi niliteseka hivyohivyo na wanangu, na ninachokuomba ni kwamba kabla ya kununua chochote ulipunguze joto lenyewe. Gari langu lilikuwa na kioo kikubwa cha mbele na tundu la kioo darini. Nilikata maturubai ya fedha yanayorudisha mwanga nikayabana kwa nje, maana ukiziba kwa ndani joto limeshaingia. Siku hiyohiyo kompresa ilianza kupumzika, wakati mwanzo ilikuwa haikatiki mchana kutwa.

Halafu kuna mtihani wa kivuli. Ukiegesha chini ya mti gari linapoa lakini paneli zinalala, na tawi moja tu likifunika kona ya paneli moja unaweza kupoteza umeme mwingi kuliko unavyodhani. Mimi gari naliweka kivulini, na paneli mbili natandika chini juani kwa waya mrefu. Ziinamishie jua, zinatoa kuliko zile zilizolala bapa juu ya bati la moto.

Jua_Kali
Fundi, nimekuelewa. Nilichanganya kuwasha na kujaza. Asante.

Mwenye_Safari
Asanteni sana. Nimepima jioni hii, mke wangu ameshika mita upande wa inveta, mimi upande wa betri. Zote zina kitufe cha kushika kipimo cha chini kabisa. Feni peke yake: volti 12.5 pote. Kompresa ilipojaribu kuanza: betri 11.4, inveta 9.7. Waya ni wa milimita 25, na kwa sababu betri ziko chini ya kitanda na inveta nyuma ya jiko, ni mita tatu kwenda na tatu kurudi.

Fundi_Volti
Umeshapata jibu lako mwenyewe. Volti 1.7 zimeishia njiani, ndilo lile joto ulilolishika. Hamisha inveta iwe mita moja kutoka kwenye betri, weka waya wa milimita 95, vichwa vibanwe kwa koleo la haidroliki, usigonge kwa nyundo. Hapo AC ikiwa imetulia utapoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti. Ongeza na kile kifaa cha kuanzisha kompresa taratibu, mafundi wanakiita sofustata. Kinapunguza sana lile pigo la mwanzo. Na hakikisha inveta ni ya mawimbi laini, zile za mawimbi ya ngazi zinachosha mota.

Sasa usiku kucha. Hapa nitakuwa mkweli, kwa sababu ni afya ya mama. Betri zako zinabeba kama wati-saa 4,800, ila za jeli usizishushe chini ya nusu ukitaka zidumu, kwa hiyo una 2,400. Kwa AC hiyo ni saa moja na nusu, na kwa kweli ni pungufu, kwa sababu betri za risasi, kama hizo za jeli, zikivutwa kwa nguvu hazitoi kila kilichoandikwa. Wakati huohuo, kuiwasha kwa muda wa saa nane usiku, hata kompresa ikipumzika nusu ya muda, kunataka zaidi ya 6,000.

Ningekuwa wewe ningebadilisha AC yenyewe. Ile ya kompresa inayobadili kasi yenyewe (wanaiita AC ya inveta, usichanganye na inveta yako ya betri), BTU 9,000, haianzi kwa kishindo na haizimi-haiwaki, inashuka yenyewe chumba kikishapoa. Gari lililozibwa vizuri kama alivyosema Mama_Njiani, usiku inaweza kwenda kwa wastani wa wati 400. Saa nane, pamoja na hasara ya inveta, ni kama 3,600. Betri za lithiamu za Ah 400 zina 5,100, zinatosha na akiba inabaki. Paneli zako 800 kwa jua zuri la saa tano, ukitoa hasara ya joto na kulala bapa, zinarudisha kama 3,000. Pengo linalobaki lizibe kwa chaja ya kutoka kwenye alteneta mkiwa barabarani. Usiunge lithiamu moja kwa moja kwenye alteneta, inaweza kuvuta mpaka alteneta iungue.

Tairi_Sita
Naunga mkono, ila nyingi ya hizo AC za inveta zimetengenezwa kwa ukuta wa nyumba. Kitengo cha nje nilikifunga nyuma ya gari bila raba, na baada ya safari moja ya barabara mbovu nati za bomba zikalegea, gesi yote ikatoka. Weka raba nene kwenye miguu, acha bomba lipinde duara moja ili likubali mtikisiko, na kila baada ya safari paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie mapovu.

Mwenye_Safari
Wakuu, nimerudi. Inveta nimeihamisha, waya mpya umeingia, sofustata imefungwa. Kompresa imewaka mara ya kwanza, taa hazijatikisika hata kidogo. Inveta ilionyesha 11.8. Nimeiacha saa moja na dakika kumi nikaizima mwenyewe nisiue betri. Mama alilala ndani ya hiyo saa moja, na hakuamka nilipoizima. Vioo nimeziba kwa nje. Lithiamu na ile AC ndogo naanza kuzichangia mwezi huu. Swali la mwisho: zile lithiamu zikija, fyuzi niliyonayo sasa itafaa? Ni ya bapa, ya ampea 300.

Fundi_Volti
Nimefurahi sana kwa ajili ya mama. Ampea 300 ziko sawa, aina ndiyo ubadilishe. Lithiamu ikipigwa shoti inatoa ampea maelfu, fyuzi ya kawaida inaweza kuyeyuka huku cheche zikiendelea kuruka katikati. Tafuta ya daraja T (Class T), inayokata shoti kubwa kama hiyo, na iwe karibu na nguzo chanya kadiri inavyowezekana. Kwenye betri usome BMS (kile kifaa cha ndani kinachoilinda betri) inaruhusu ampea ngapi kwa mfululizo. Na kama mtapita sehemu za baridi, usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0, zitumie tu mpaka zipate joto.