Misingi ya sayansi ya jamii: kurasa 7 nimepata 9 kwa 20, nakosea wapi?

Mwaka_wa_Kwanza

Wakuu habari zenu. Nasoma sosholojia na kuna hii kosi ya misingi ya sayansi ya jamii, waliotutangulia walituambia ni ya kupita tu, hesabu hamna, ni maneno maneno. Kumbe.

Asaimenti ya kwanza tuliambiwa tulinganishe Durkheim na Weber, wale wazee wawili wa mwanzo wa sosholojia, kwenye swala la jamii isomwe vipi. Nikakesha siku mbili, nikajaza kurasa 7, nani kazaliwa 1858 nani 1864, nani Mfaransa nani Mjerumani, kila mmoja alisema nini, sijaacha kitu. Imerudi jana, 9 kwa 20, na pembeni lekchara kaandika kwa peni nyekundu maneno manne tu: "Umesimulia. Hoja iko wapi?"

Sasa jamani mimi hoja naitoa wapi, hawa watu walishakufa na yao walishasema. Alafu slaidi zenyewe zimejaa ontolojia, epistemolojia, pozitivizimu, nikifika mstari wa tatu nimeshasahau wa kwanza. Nawaza nimeze madesa (notsi za kukariri) tu niivuke semista bila sapu, yaani bila kurudia mtihani. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kiti_cha_Nyuma

Pole dogo, hiyo kosi mimi niliirudia kwa hiyo naongea kovu ninalo. Usimeze. Desa linakubeba kwenye maswali ya "taja", na huku swali la taja ni nadra sana, wanakuambia jadili, linganisha, tathmini.

Ulichofanya umeandika wasifu wa marehemu wawili, ndo maana ukapewa 9 ya pole.

Jiulize kila mzee alikuwa anabishana na nani. Durkheim mwaka 1895 alikuwa na kesi moja kubwa, kuna watu walikuwa wanaona mambo ya jamii unaweza kuyaeleza yote kwa kuangalia kichwa cha mtu mmoja mmoja, yeye akasema hapana, kuna vitu viko nje ya mtu na vinambana atake asitake. Mifano yake mwenyewe ni lugha na pesa. Lugha umeikuta, hukuulizwa, na leo ukiamua "ndiyo" kwako iwe "hapana" utaona utakavyoumbuka kabla ya saa nne asubuhi. Ndo akasema mambo hayo tuyachunguze kama vitu, yaani toka nje ya mawazo yako ukaangalie.

Weber naye anakwambia sawa, lakini mtu sio jiwe. Ana mfano wa mpasua kuni, unamwona mtu anapasua, shoka linapanda linashuka, ila je anapasua kwa ajira, kwa matumizi yake, au anatoa hasira? Kwa macho ni kitendo kilekile, maana yake kila moja na yake. Usipoijua maana hujakielewa kitendo.

Chukua kitu unachokiona kila siku sasa. Lekchara anamaliza, anauliza "kuna swali?", watu 200 kimyaaa, alafu mlangoni mnaanza kuulizana "wewe ulielewa?". Kwa nini? Jibu hilo mara mbili, kama Durkheim alafu kama Weber. Ukiweza umeshaielewa nusu ya kosi.

Dada_Maktaba

Kaka hapo juu kaeleza vizuri na huo mfano wa kimya naukubali, ila usiwagawe kama timu mbili za mpira, hapo ndipo wengi wanapopoteza maksi. Weber hakukataa kutafuta sababu. Alitaka uelewe maana ya kitendo ILI uweze kueleza kimetokea kwa nini na kimezaa nini. Ukiandika "Durkheim sababu, Weber maana" msahihishaji anajua umesoma slaidi tu.

Na hayo maneno yanayokusinzisha usiyaogope. Ontolojia: kuna nini huko nje? Epistemolojia: utajuaje? Basi. Pozitivizimu kwa kifupi ni msimamo kwamba jamii nayo inaweza kujulikana kwa njia zinazofanana na za sayansi ya vitu vya asili, uangalie, ulinganishe, utafute kanuni. Comte, Mfaransa aliyemtangulia Durkheim, ndiye aliyelipa umaarufu neno hilo na hata jina sosholojia lilitoka kwake kwenye miaka ya 1830.

Ngoja nikuoneshe linavyofanya kazi. Mwaka 1897 Durkheim alitoa utafiti wake juu ya kujiua, akitumia takwimu rasmi za serikali, akaonesha viwango vinatofautiana kati ya kundi na kundi, mfano dini na dini, na vinatulia mwaka hadi mwaka, kwa hiyo lazima kuna kitu cha kijamii kinachovishikilia. Nguvu sana. Lakini baadaye wakaja watu wakauliza swali dogo la kijanja: ile fomu ya chanzo cha kifo nani aliijaza? Kuna familia zilizoficha kwa aibu, kuna afisa aliyeona afadhali aandike ajali. Kama aibu yenyewe inatofautiana kati ya dini na dini, je tunapima vifo au tunapima namna watu wanavyoviandikisha? Hapo umeshaingia kwenye epistemolojia bila kulitaja neno. Ndo hoja hiyo anayoitafuta lekchara wako.

Halafu soma hata kurasa 10 za mwenyewe, sio mihtasari tu. Durkheim anasomeka. Weber atakutesa, sentensi zake zina mikia.

Mpita_Njia

Mimi naongeza moja alafu naondoka. Mbona kila siku ni wazee watatu wa Ulaya? Ibn Khaldun, msomi wa Kiarabu, alizaliwa Tunis, mwaka 1377 alishaandika juu ya asabiya, ule mshikamano unaoliwezesha kundi kushika dola na ukilegea kwa starehe dola inaondoka. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, naye 1899 alitoa utafiti wa watu weusi wa Philadelphia, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza mwenyewe. Miaka mingi sana kosi nyingi zilimruka. Nani anaitwa mwanzilishi na nani hatajwi hata jina, hilo nalo ni swali la sosholojia.

Mwaka_wa_Kwanza

Wakuu asanteni sana, Mpita_Njia swali lako limenigusa ila kwenye pepa litatoka kweli? 😅

Leo nimeenda kumwona lekchara (nilikuwa naogopa kumbe ni mtu mzuri), karuhusu niandike upya, kurasa 3 zisizidi. Nimejaribu aya moja na ule mfano wa kimya, nisahihishieni:

"Durkheim angesema kimya cha darasani si uoga wa mwanafunzi mmoja, ni kanuni tuliyoikuta, na tunaijua kuwa ipo pale mtu anapoivunja, maana anayeuliza sana anaguniwa. Weber angeuliza huyo aliyenyamaza kimya chake kina maana gani kwake: anamheshimu lekchara, anawahi kutoka, au anaogopa kuonekana mjinga. Kwa hiyo wote wawili wako sahihi."

Dada_Maktaba

Eh, umeiva mapema! Hilo la kuguniwa hata mimi sikulifikiria. Ila sentensi ya mwisho ifute, umefika mlangoni ukageuka. Sema wapi mmoja anamwacha mwenzake njiani. Mfano, kama wote 200 wamenyamaza kwa sababu 200 tofauti, Weber atakuambia kila mmoja kwa nini, lakini imekuwaje wote wakanyamaza dakika ileile?

Kiti_cha_Nyuma

Na geuza pia upande wa pili. Mmoja akinyoosha mkono siku hiyo, Durkheim anamweleza vipi?

Mwaka_wa_Kwanza

Sawa narudi mezani. Huyo wa kunyoosha mkono namjua, anakaa mbele kabisa, kesho namuuliza mwenyewe.