Holliday, Mayo au Basallo: tumtoe nani ili tupate mrushaji kabla ya 30 Julai?

BabaZuhura · Jumatano 17 Julai 2024

Wakuu, salamu. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani imesimama siku chache kwa ajili ya mechi ya nyota, nami nimepata nafasi ya kuandika jambo lililonikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili nilikuwa Camden Yards, uwanja wa timu yetu, Orioles wa Baltimore, na binti yangu. Duru ya tisa, ya mwisho, mrushaji wetu Kimbrel anaingia kufunga mechi tukiwa tunaongoza, yule kijana Rice wa Yankees anaupeleka mpira jukwaani, wanapita watatu, pointi tatu, tuko nyuma 5–3. Binti akaanza kukusanya chupa yake ya maji na kofia. Nikamwambia kaa. Zamu yetu, Mountcastle akapiga mpira wa kubingirika ambao ungemaliza mechi, Volpe wa Yankees ukamponyoka mkononi. Halafu Mullins akapiga wa juu kushoto, Verdugo wao akakimbia mbele badala ya kurudi nyuma, mpira ukampita kichwani. 6–5. Tumeshangilia mpaka sauti zimekauka, lakini ndani ya gari nikawa najiuliza: hivi tumeshinda, au wenzetu wameshindwa?

Tunaongoza kundi kwa mechi moja tu. Na warushaji wetu wameisha. Mwezi Juni peke yake Bradish, Means na Wells wote wamelazwa mezani kwa ajili ya kiwiko. Bautista alishafanyiwa Tommy John, upasuaji wa kiwiko, tangu Oktoba. Tumebaki na Burnes, aliyeanza mechi ya nyota jana usiku, na Grayson Rodriguez. Baada ya hao wawili kuna Kremer na Suárez, na siku nyingine Povich na dua.

Kwa wageni: dirisha la usajili huku halifanani na la soka la kwetu. Ada ya uhamisho haipo. Ukitaka mtu, unatoa watu, na timu inayouza haitaki wazee, inataka chipukizi wako. Linafungwa 30 Julai, saa kumi na mbili jioni. Nionavyo mimi njia ni tatu:

Moja, Tarik Skubal wa Detroit. Kwa sasa hakuna mrushaji wa mkono wa kushoto anayemfikia katika upande wetu wa ligi, na Detroit wanammiliki hadi 2026. Bei yake itaanzia kwa chipukizi wetu Jackson Holliday, na Detroit hawatakubali kumalizia hapo.

Mbili, Garrett Crochet wa White Sox. Naye ni wa kushoto, naye yuko hadi 2026, na timu yake ndiyo mbovu kuliko zote mwaka huu kwa hiyo sokoni yupo. Hapa naona tutoe Coby Mayo, chipukizi wetu mwingine, pamoja na wengine wawili.

Tatu, tusiguse mtoto yeyote mkubwa. Tuchukue mrushaji wa kawaida, tumrudishe Holliday kutoka Norfolk, timu yetu ya ligi ya chini, twende hivyo hivyo.

Mimi naegemea ya kwanza. Nawasilisha.

---

Msee_wa_Dundalk · 17 Julai

Zii buda. Unataka kuuza Holliday juu ya mechi kumi mbaya? Huyu ni namba moja wa draft ya 2022, ile ya timu kuchagua chipukizi, ako na miaka 20 pekee. Aprili walimleta mapema, akapata hit 2 kwa zamu 34 za kupiga, wakamrudisha Norfolk. Sasa watu wamesahau vile walikuwa wanaimba jina lake.

---

BabaZuhura · 17 Julai

Mechi kumi sawa, lakini katika hizo alitolewa kwa straiki mara 18. Nusu na zaidi ya zamu zake, mkuu. Mpira wa kasi wa juu ulikuwa unampita kama basi la mwendokasi.

---

Mzee Kombo · 17 Julai

Vijana, mimi uwanja huo naujua tangu ulipofunguliwa 1992, niliposhuka na ndege na koti la kuazima. Kwa hiyo niruhusuni nikumbushe mambo mawili, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba timu hii imezaliwa juzi.

Julai 2013 tulitaka mrushaji kama hivi hivi. Tukampata Scott Feldman kutoka Cubs. Tuliyemtoa ni kijana aliyekuwa akitusumbua, leo anarusha vizuri kesho anavurunda, tukachoka naye. Jina lake Jake Arrieta. Mwaka 2015 akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka uliofuata Cubs wakawa mabingwa naye akiwemo. Feldman alipomaliza msimu akaenda zake.

Mwaka 2014 tukamchukua Andrew Miller kutoka Boston. Huyo alitufaa kweli, sisemi uongo. Ila tulimtoa Eduardo Rodriguez, naye 2018 akavaa pete ya ubingwa palepale Boston, wakati sisi mwaka huo tumepoteza mechi 115.

Sasa geuzeni shilingi. Februari 2008 sisi ndio tulikuwa na mrushaji anayetakiwa na kila mtu, Erik Bedard. Seattle wakatupa watu watano, wakiwemo Adam Jones na Chris Tillman. Bedard alipofika kule bega likamshinda. Jones alitutumikia miaka kumi na moja.

Mrushaji ni yai. Unalinunua sokoni zima, hujui kama litafika nyumbani.

---

Msee_wa_Dundalk · 17 Julai

Shikamoo Mzee. Hapo umefunga mjadala.

---

Mzee Kombo · 17 Julai

Marahaba. Sijafunga kitu, endeleeni.

---

BabaZuhura · 18 Julai

Mzee wangu, kwa heshima zote, mbona umeruka Burnes? Februari hii tumetoa DL Hall na Joey Ortiz, na Ortiz anacheza vizuri tu kule Milwaukee, lakini sijamsikia hata mmoja humu akimlilia. Na huyo Burnes mwisho wa msimu yuko huru, ataondoka. Tukiwaweka chipukizi kabatini tukisubiri wakati wao, wakati huo Burnes hayupo, mpigaji wetu Santander hayupo. Oktoba iliyopita tuliingia mtoano na ushindi wa mechi 101, Rangers wakatufagia tatu bila. Ubingwa wa mwisho ni 1983. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa.

---

NesiWaUsiku · 18 Julai

Nimesoma yote wakati wa mapumziko saa tisa za usiku, chai imepoa.

Mbona hakuna anayezungumzia Samuel Basallo? Mimi naishi Bowie na Baysox, timu yetu nyingine ya ligi ya chini, wako karibu na nyumbani, kwa hiyo huyu nimemwona kwa macho, si kwa simu. Ni mdakaji, yule wa nyuma ya mpigaji, ana miaka 19. Tulikaa safu ya tatu nyuma ya wavu. Siku hiyo hakudaka, alipiga tu, kwa sababu kiwiko kilimsumbua mwanzo wa mwaka na hawataki kumchosha. Mara ya kwanza alitolewa, mara ya pili alitolewa, nikasema ni huyu wanayemsifu? Ya tatu akaupiga mpira nje ya mstari, straiki tu, haukuhesabiwa chochote. Lakini ile sauti! Wale wavulana wa kuuza soda walisimama na trei zao wakageuka. Mwanangu akaniuliza, mama, gongo limevunjika?

Ila swali langu ni la nafasi. Mdakaji tunaye, Adley Rutschman, na juzi ameanza mechi ya nyota. Basallo atakaa wapi? Kama kuna mtu wa kutoa, ni yule ambaye mlango wake umefungwa na mtu mwingine. Nami nitalia, lakini atoke huyo.

---

Lugazi_12 · 19 Julai

Dada Nesi, Rutschman naye mkataba una mwisho wake. Mdakaji wa miaka 19 mwenye gongo kama hilo hawazaliwi kila siku.

Mimi ni Mganda, nisameheni Kiswahili changu. Besiboli iliniingia mwaka 2012, watoto wa Lugazi walipokwenda Williamsport kwenye mashindano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza kule, wakawafunga wa Oregon 3–2. Mwaka 2022 Dodgers wakawasajili vijana wetu wawili, Male na Serunkuma, wote warushaji. Tangu hapo nafuatilia ligi za chini kuliko ligi kuu yenyewe. Na ligi za chini zinakufundisha hesabu chungu: wanaoingia ni wengi mno, wanaofika juu unawahesabu kwa vidole. Kwa hiyo mtu akisema "tunao chipukizi wanane", mimi nasikia wawili au watatu.

Lakini kitu mnachokisahau ni ukuta.

Mwaka 2022 ukuta wa kushoto wa Camden Yards ulisogezwa nyuma zaidi ya futi 20, na urefu wake ukatoka futi 7 hadi kama 13. Mpigaji wa mkono wa kulia anapovuta mpira, anauvuta huko huko kushoto. Muulizeni Mountcastle ni mipira mingapi kwingine ingevuka ukuta, yaani homurani, hapa inadakwa na mtu amesimama tu anasubiri. Sasa angalieni: Holliday anapiga kwa kushoto. Basallo kwa kushoto. Mayo ni wa kulia.

Maana yake Mayo ana thamani kubwa zaidi kwa timu nyingine kuliko kwetu. Mtu wa hivyo ndiye unayemuuza.

Na mrushaji wa kushoto? Wapinzani wanampangia wapigaji wa kulia, na wapigaji wa kulia wanaupeleka mpira kwenye ule ukuta. Skubal na Crochet wote wa kushoto. Ukuta ule utawafanyia kazi bila mshahara.

---

Mzee Kombo · 19 Julai

Mganda, hilo sikuwa nimelifikiria. Na nimekaa nikiutazama ukuta huo miaka yote hii.

---

BabaZuhura · 19 Julai

Nabadilisha kura. Crochet kwa Mayo. Holliday abaki.

---

YankeeWaBronx · 19 Julai

Chukueni yeyote mnayemtaka, Oktoba tutakutana.

---

Msee_wa_Dundalk · 19 Julai

Wewe kwanza enda ufunze Verdugo kukimbia kinyumenyume. Na Holmes, mrushaji wenu, umwambie mpira unatupwa kwa glavu, si kwa kofia ya Kjerstad wetu. Mtoto ako nje hadi leo na kichwa.

---

NesiWaUsiku · 20 Julai

Hilo la Kjerstad halina utani. Mtu akipigwa kichwani anaweza kutembea vizuri leo na kesho akashindwa kuangalia taa. Wampe muda wake wote.

Na kuhusu Crochet, ngoja nimwage maji kidogo. Amefanyiwa Tommy John 2022, na kabla ya mwaka huu hajawahi kuanza mechi hata moja ya ligi kuu, alikuwa anaingia mwishoni kurusha duru moja na kutoka. Sasa mnataka huo mkono ubebe Agosti, Septemba na Oktoba? Mimi wagonjwa wa viungo nawauguza. Kiungo hakijui kwamba tunafukuzia ubingwa.

---

Lugazi_12 · Ijumaa 26 Julai

Nesi alisema. Wenyewe upande wa Crochet wametoa masharti: timu itakayomchukua ikitaka arushe Oktoba, impe kwanza mkataba mrefu. Hapo bei imepanda bila mtu kuongeza hata senti.

---

Msee_wa_Dundalk · 26 Julai

Na sisi tumeshanunua! Zach Eflin kutoka Rays, tumetoa vijana watatu ambao hata Norfolk hawajafika. Mkono wa kulia lakini, sorry Lugazi.

---

Mzee Kombo · 26 Julai

Eflin ni mtu wa nidhamu. Hatoi besi za bure. Nimeridhika, na sitaki zaidi.

---

BabaZuhura · Jumanne 30 Julai

Saa kumi na mbili imepita. Skubal kabaki Detroit, Crochet kabaki Chicago. Sisi tumemchukua Trevor Rogers kutoka Miami, kwa Kyle Stowers na Connor Norby.

Nimekaa kwenye maegesho ya kazini dakika kumi nasoma tena nione kama nimekosea. Rogers wa 2021 alikuwa nyota, sawa. Wa mwaka huu kapoteza mechi tisa. Kwa wapigaji wawili walio tayari kucheza leo?

---

Lugazi_12 · 30 Julai

Ni wa kushoto. Na yuko hadi 2026.

---

BabaZuhura · 30 Julai

Hata mimi nasalimia kwa kushoto, mbona hawanisajili?

---

Mzee Kombo · 30 Julai

Stowers namhofia. Ana sura ya Arrieta. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

---

Msee_wa_Dundalk · 30 Julai

Lakini mmeona hii nyingine? HOLLIDAY ANARUDI KESHO.

---

NesiWaUsiku · Alhamisi 1 Agosti, saa nane usiku

Sijui nianzie wapi. Jana jioni nilikuwa zamu. Napita korido na dawa, nasikia kelele chumba cha mwisho, nikadhani mtu ameanguka. Naingia, babu mmoja wa hapa hapa Baltimore, siku mbili tangu afanyiwe upasuaji, ameketi kitandani, mkono mmoja una dripu, kwa huo mwingine anapiga goti lake kama ngoma. Luningani besi zote zilikuwa zimejaa na Holliday ndiyo kwanza ameupiga mpira. Wameurudia mara tano. Umevuka upande wa kulia, umekwenda kudunda Eutaw Street, barabara ya nyuma ya ukuta. Homurani yake ya kwanza ya ligi kuu, wanapita wanne.

Babu akaniambia, "Nesi, huyo ndiye waliyetaka kumuuza." Nikanyamaza, nikampima presha. Ilikuwa juu.

---

BabaZuhura · 1 Agosti

Naomba msinikumbushe post yangu ya kwanza. Zuhura ameshaisoma kwa sauti mezani.

---

Lugazi_12 · 1 Agosti

Upande wa kulia, mmeona? Kule ambako ukuta haukuguswa.

Haya, sasa Mayo. Mbona bado yuko Norfolk?