Maoni ya wenzetu kazini: mbona mmoja amenyamaza?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naongoza timu ya watu 7 katika duka la dawa za jumla, na kila Ijumaa huandikiana maoni kwenye karatasi zisizo na majina. Wawili wamekuwa makini zaidi, lakini mmoja, aliyekuwa muulizaji mkubwa vikaoni, sasa hafungui kinywa. Kosa ni maoni yenyewe au namna tunavyoyatoa?

Jibu la 1
Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, yaani maoni anayopewa mtu juu ya kazi yake, wakakuta kwamba kwa wastani huboresha utendaji, ila katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka. Kwa maelezo yao, mrejesho unaomfanya mtu ajitazame nafsi yake badala ya kazi hupoteza nguvu. "Boksi la tatu hukuliandikia tarehe ya kuisha muda" linarekebishika. "Wewe ni mzembe" humwacha akijitetea moyoni.

Jibu la 2
Mimi karatasi zisizo na majina siziamini hata kidogo. Kazini kwetu mtu alichukua karatasi yake akailinganisha herufi kwa herufi na daftari la mahudhurio, na tangu siku hiyo hatukunywa chai meza moja.

Muuliza swali
Nashukuruni. Nimezipitia karatasi za mwezi uliopita, na kati ya nne alizoandikiwa yule aliyenyamaza, tatu zinasema tabia yake, si kazi yake. Ijumaa hii tutasemezana ana kwa ana, na wa kwanza kuambiwa nitakuwa mimi.