Nani anakumbuka Bushman, ile picha ya chupa ya soda?

Kandambili77:
Wadau habari za usiku. Umeme umekatika nimekaa tu gizani nikaanza kukumbuka The Gods Must Be Crazy, ambayo sisi mtaani tuliiita Bushman basi. Kwetu bara ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 90 kabla ITV haijaanza, TV unaiona kwa mwenye deki, na mwenye deki mtaa mzima alikuwa baba mmoja wa bandarini, jumapili anaitoa barazani, watoto kwenye mkeka wakubwa kwenye viti, ukicheka sana unaambiwa nyamaza hatusikii wakati hicho kizungu chenyewe hakuna anayekielewa. Sehemu iliyokuwa inatumaliza ni ile Land Rover mbovu isiyo na breki, jamaa anafunga waya kwenye mti ajivute atoke mtoni, anasahau kuzima mashine, gari linapanda lenyewe mpaka linaning'inia juu ya mti. Hapo lazima irudishwe mara tatu mara nne, mpaka mkanda ukaanza kuchora mistari pale pale tu, kwingine kote safi.

Sasa swali. Mimi nakumbuka kabisa yule jamaa wa chupa akiwa na maiti ya kichina inaruka ruka, ina karatasi usoni. Mke wangu anasema naota. Ni part ya ngapi ile au nimechanganya mikanda?

fundi_deki:
Mkuu huoti, mwambie shemeji kashindwa hahaha. Iko hivi, za Jamie Uys mwenyewe, yule mtengenezaji Msauzi, ni mbili tu, ya kwanza 1980 na ya pili 1989 ambayo watoto wa Xi, yule jamaa wa chupa, wanapanda gari la majangili wanaondoka nalo bila kujua halafu baba mtu anafuata nyayo. Baada ya hapo Wahongkong wakaona steringi keshakuwa na jina wakamchukua wakatengeneza za kwao, ile ya maiti inaitwa Crazy Safari ya 1991, na nyingine wakampeleka mpaka Hong Kong kwenyewe. Wauza mikanda wala hawakuhangaika, wanaandika kwa kalamu BUSHMAN 3 juu ya kava maisha yanaendelea. Mimi nilikuwa nasafisha hedi za deki kwa spirit na kitambaa, mikanda ya huyu jamaa ndio ilikuwa inakuja imechoka kuliko yote, ikifuatiwa na ya kungfu.

mama_wawili:
Mi niliirudia mwaka jana na wanangu. Dakika za mwanzo bado tamu, ile chupa inadondoshwa na rubani, mara wanasagia, mara wanalainishia ngozi, mara wanaipuliza kama filimbi, halafu kwa vile ni moja tu kila mtu anaitaka kwa wakati mmoja, ugomvi unaanza, mtoto anampiga mwenzie nayo. Hapo hata mwanangu mdogo wa miaka mitano alielewa bila kutafsiriwa.

Ila ukubwani unaona vitu. Msimuliaji anakwambia hawa watu hawajawahi kuona mtu mwingine, wanaishi raha mustarehe, kumbe N!xau aliyecheza kama Xi ni mtu wa Namibia, nyumbani kwake Tsumkwe, na wakati ule nchi iko chini ya makaburu na wanaume wa kwao wanaandikishwa jeshini. Hilo hulioni popote kwenye picha. Na wale waasi weusi wamefanywa mabwege hata bunduki hawajui kulenga. Nilicheka lakini nilicheka nikijishtukia. Hata hilo jina Bushman ni la kupewa, siku hizi watu wake wanaitwa Wasan.

Kondakta Mstaafu:
Dada yangu umesema kweli lakini umetukatili aisee, tuachie hata kifaru. Mimi niliamini kabisa kifaru akiona moto porini anakuja kuukanyaga mpaka uzime, niliamini mpaka nina watoto. Siku moja napeleka wageni Ngorongoro nikamuuliza askari wa wanyama kwa sauti ya chini, akanitazama akauliza na wewe uliangalia ile picha? Kumbe wanaulizwa kila siku.

Kuhusu N!xau nyongeza kidogo, ya kwanza inasemekana alilipwa dola mia kadhaa tu na picha ikaingiza mamilioni, lakini part 2 akakaza, akadai pesa ya maana akajenga nyumba ina maji na umeme. Alifariki 2003. Kwa hiyo yule tuliyekuwa tunamcheka hajui thamani ya noti alikuja kuijua vizuri tu.

Kandambili77:
fundi_deki ubarikiwe, shemeji yako nimemsomea kanuna kageukia ukutani. Mama wawili umenifikirisha, nitaiangalia tena kwa jicho hilo.

Umenikumbusha bibi yangu. Alikuwa na genge, anauza soda, makreti yamepangwa nyuma ya mlango na chupa anazihesabu kila jioni. Siku ile alikuja barazani mara moja tu, akaangalia mpaka mwisho, Xi amesimama pale kwenye jabali mawingu chini ya miguu, anaitupa chupa. Sisi tunapiga makofi. Bibi akainuka anajifunga khanga akasema "mwone huyo, chupa nzima," akaenda zake.