Bonanza la kuchangia watoto wenye kansa: hela iende kwenye utafiti au matibabu?

Veterani_Temeke: Wakuu habari za jioni. Sisi maveterani wa huku Temeke tunaandaa bonanza la mpira Septemba, ule mwezi wa kansa ya watoto, timu nane, viingilio vyote vya watoto. Mwenzetu mmoja mwanae katibiwa saratani ya damu Muhimbili ndo maana jambo hili limetukaa rohoni. Sasa kikao cha jana tumegawanyika, wengine wanataka tuchangie utafiti, wengine wanasema utafiti ni mambo ya wazungu tununue dawa tu. Naombeni mawazo, na mliowahi kufanya hivi hela mlisimamiaje?

MamaK_Mwanza: Hongereni sana kaka zangu. Mwanangu alianza na uvimbe kwenye taya, meno yakalegea, zahanati ya kwanza wakamng'oa jino tukarudi nyumbani, wiki mbili tu uso umevimba mpaka jicho halifunguki. Kumbe Burkitt, kansa ya watoto inayokua haraka sana. Alipoanza dripu, siku ya nne uvimbe ukaanza kunywea naona kwa macho yangu, saivi yuko darasa la tatu. Ila wodini niliona wenzangu wanakatisha dozi, dawa ipo, nauli ya kurudi hakuna. Mimi nasema nauli kwanza.

Mtu_wa_maabara: Pole dada na hongera. Ila hapo kwenye "mambo ya wazungu" napinga. Hiyo Burkitt ilielezwa mwaka 1958 na daktari Denis Burkitt akiwa Kampala, kwa kuwaangalia watoto wa huku huku wenye mataya kama hayo. 1961 akapanda gari na wenzake wawili wakashuka mpaka Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali wakiuliza ugonjwa upo wapi na wapi haupo, vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege toka Kampala kwenda London na 1964 wakaona kirusi ndani yake. Watoto wetu walitoa mchango wao kitambo, lakini WHO wanasema nchi tajiri watoto wenye kansa wanapona zaidi ya asilimia 80, nchi nyingi maskini hata 30 hawafiki. Kujua kwa nini mtoto kachelewa kufika au kakatisha dozi nao ni utafiti, na hauhitaji mashine. Hiyo nauli ya dada imo humo humo.

Refa_Kigogo: Kwenye hela sikilizeni, sisi tulichangia mgonjwa kila mtu na daftari lake, hesabu zikagoma, mpaka leo kuna watu hawasalimiani. Nendeni kwa Tumaini la Maisha, hao wapo na watoto wa kansa pale Muhimbili, waombeni hela iingie moja kwa moja kwao, msishike hata mia. Halafu ombeni watu wa damu salama waje uwanjani, maana chembe sahani, zile za kugandisha damu, hazikai zaidi ya siku chache na hao watoto wanazihitaji sana.

Veterani_Temeke: Nimekuelewa refa, Jumatatu naenda Muhimbili na katibu, tutawauliza wao wenyewe kuhusu nauli. Na hema la damu tutaweka karibu na geti. MamaK huyo kijana anacheza namba ngapi?

MamaK_Mwanza: Kipa kaka. Hataki kutoka golini hata giza likiingia.